Gitaa la Umeme la Ndugu Sefania

Jumapili, 1 Agosti 1971

Leo Sefania ameokoka. Kwa watu wengine hii ni habari ya mbinguni. Kwangu ni habari ya gitaa.

Sefania ni dereva wa lori la mbao. Kabla ya lori alikuwa mpigaji wa bendi ya dansi huko Tanga, na aliporudi mlimani alirudi na gitaa lake la umeme. Jekundu, linalokolea weusi pembeni. Tumbo lake ni wazi kama la gitaa la kawaida, na kifuani lina matundu mawili yaliyopinda kama herufi f. Jioni moja aliniruhusu kulishika. Tangu hapo mikono yangu haijafurahia kitu kingine chochote, hasa jembe.

Leo alisimama mbele ya kanisa. Akatubu pombe. Akatubu wanawake, lakini alitaja idadi bila majina, na watu wengi walionekana kusikitika. Kisha akalitubu gitaa. Akasema atalitoa sadaka siku ya Sikukuu ya Mavuno, tarehe kumi na tano, linadiwe nje ya kanisa pamoja na kabichi na kuku.

Wazee wakaguna. Mmoja aliuliza kama chombo cha shetani kinaweza kumnunulia Bwana mabati. Mchungaji akajibu kwamba bati likishakuwa juu ya paa haliulizwi limetoka wapi. Ikapita.

Nilisema Amina kwa sauti. Mama aligeuka akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Maana mimi huwa sisemi.


Jumatatu, 2 Agosti

Nieleze vizuri, ili anayesoma (yaani mimi, nikiwa mzee na maarufu) aelewe.

Jina langu Mikaeli. Kidato cha pili. Nasoma kila kitu, pamoja na karatasi zinazofungia sukari. Kusema mbele za watu siwezi. Kwaya walinijaribu: nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka, mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole kwamba kanisa linahitaji pia wafagiaji. Bendi ya tarumbeta ya usharika wakanijaribu: kilitoka kitu, ng'ombe wa jirani wakajibu. Sasa kazi yangu katika bendi ni kushika karatasi ya nyimbo mbele ya Anselm ili upepo usiichukue.

Anselm ni mtoto wa mjomba wangu. Anapiga tarumbeta kubwa kuliko zote. Hana aibu hata kidogo. Nadhani siku aibu ilipogawiwa katika ukoo wetu, fungu lake nilipewa mimi.

Lakini nina siri. Nina ubao wa msonobari wenye misumari juu na chini, na nyuzi sita nilizozichora kwa penseli. Nimejifunza kutoka kitabu cha maktaba mahali pa kuweka vidole. Tangu Januari nimeshajua nyimbo nyingi sana. Sijasikia hata moja.

Sasa fikiria gitaa hili. Gitaa la umeme lisilo na tumbo, likikosa umeme ni ubao, na ubao ninao. La Sefania lina tumbo. Kijijini kwetu hakuna umeme, na hata hivyo litasikika. Kidogo tu, kwa mtu aliyekaa karibu. Ni gitaa linalonong'ona. Ndicho kipimo changu hasa.

Mali yangu: sungura. Mpango: kumwendea Sefania kabla ya mnada, mwanamume kwa mwanamume.


Jumatano, 4 Agosti

Nimemwendea. Nilikuwa nimetayarisha sentensi nzuri, yenye kiima na kiarifu.

Sefania alikuwa chini ya lori. Nikaziamkia shikamoo zile nyayo zake. Zikaitikia marahaba na kuuliza nimefuata nini. Mkewe alikuwa ameketi hapo hapo akimenya viazi, akanitazama. Nikajibu kwamba nimekuja kwa ajili ya wokovu.

Alitoka chini ya lori kwa kasi ambayo sijaiona hata kwa mafundi wa Mombo. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wenye grisi, akaniombea kwa muda mrefu. Sasa nimeandikishwa katika ushirika wa maombi wa kila Alhamisi, na Mama ameuliza kwa nini kichwa changu kinanuka gari.

Kuhusu gitaa: halipo tena kwake. Amekwisha kulikabidhi kwa Mzee Paskali, mzee wa kanisa anayeendesha mnada. Mzee Paskali amelitundika darini, juu ya meko, lisiguswe na panya.

Juu ya meko. Gitaa langu linakaushwa kama mahindi ya mbegu.


Ijumaa, 6 Agosti

Mpango wa pili, wa kisayansi. Kama siwezi kulinunua kabla ya mnada, basi bei ishuke siku ya mnada.

Klara ni binti wa Mzee Paskali, na tunasoma darasa moja. Asubuhi hushuka pamoja kwenda shule, yeye akiongea, mimi nikibeba vitabu. Leo nilimwambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba gitaa la umeme bila umeme ni kazi bure. Mtu atakayelinunua atakuwa amenunua sanduku.

Akauliza kama ndiyo sababu ninalitaka.

Nikasema silitaki.

Akasema masikio yangu yamesimama kama ya sungura wangu. Nikamwomba tu amweleze baba yake jambo hilo la umeme, kwa faida ya elimu. Akakubali. Akasema ni mara ya kwanza kunisikia nikitoa sentensi mbili zinazofuatana, na asingependa zipotee.

Nimeridhika sana. Akili imeshinda nguvu.


Jumapili, 8 Agosti

Akili haijashinda.

Klara alimwambia baba yake. Baba yake aliwaambia wazee. Wazee walimwambia Mzee Silvano, mwenyekiti wa tawi la TANU hapa kijijini, mtu ambaye huwezi kumpa habari yoyote asiigeuze kuwa mradi.

Baada ya ibada alisimama juu ya jiwe. Ndugu wananchi, akasema, tumeelezwa na vijana wetu wasomi kwamba gitaa hili linahitaji umeme. Sasa tujiulize. Serikali itapeleka umeme wapi kwanza? Itapeleka palipo na kitu cha kuutumia. Vijiji vingine vina nini? Vina taa za chemli. Sisi tutakuwa na gitaa. Afisa akija atakuta chombo kiko tayari kinasubiri waya.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu walio pande zote mbili walikuwa wakipiga.

Kwa hiyo kijiji kitashindania gitaa. Na si kijiji tu. Anselm alinishika bega akaniambia, binamu, nami nimeona mbali: tarumbeta na gitaa katika nyumba moja ni bendi kamili. Ana fedha za kabichi alizouza Mombo. Hajui hata gitaa linapakatwa upande gani.

Nilitaka kupunguza wanunuzi. Wakati naanza sikuwa na mpinzani hata mmoja. Sasa ninao wawili, na mmoja wao ni kijiji.


Jumanne, 10 Agosti

Katika somo la siasa tumeandika insha juu ya unyonyaji, yaani kumtumia mtu mwingine kwa faida yako. Nimepata alama za juu kuliko wote. Mwalimu akataka niisome mbele ya darasa. Nilisimama. Nilibaki nimesimama. Mwisho Klara akainyakua akasoma yeye, na akaongeza maneno mawili matatu yaliyoifanya iwe bora.

Kutoka shule nikaenda moja kwa moja kumtumia bibi yangu.

Tatizo la mnada ni kwamba unahitaji mdomo. Pia Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na anaamini gitaa ni njia ya kwenda Tanga, na Tanga ni njia ya kwenda kuharibika. Nikipandisha bei mimi mwenyewe, nitakufa mara mbili: kwa aibu, kisha kwa Baba. Nahitaji mdomo wa kuazima.

Bibi Elizabeti, mama yake Baba, ndiye bingwa wa minada ya usharika wetu. Anapenda mnada kuliko mahubiri, na hafichi. Nimeuza sungura wangu wote isipokuwa wale wa kuzalisha. Fedha nimemletea. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akanitazama kwa jicho moja.

Yaani mume wangu, akasema, unanihonga ili nikakuletee mke mwenza?

Nilimwambia ni gitaa. Akasema hata babu yangu alianza hivyo hivyo, akisema ni baiskeli.

Tukaelewana. Yeye atapandisha bei mpaka wote wanyamaze. Atamnyamazisha hata mwenyekiti, akasema, maana ndiye aliyemfunga nepi utotoni. Nilimpa maelekezo mara tatu. Nimefikiria kila kitu.


Ijumaa, 13 Agosti

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee Paskali na debe la mahindi ya sadaka, ambayo Mama alikuwa ameniambia niyapeleke Jumapili. Mzee hakuwepo. Klara alikuwa ukumbini na ungo wa maharage. Akasema mahindi yamewahi sana, au yamekuja kumsalimu nani. Kisha akapanda darini bila kuombwa, akalishusha.

Linanuka moshi kama samaki. Lakini ni zima.

Nilikaa juu ya kinu. Nikaweka vidole pale vinapopaswa kuwa, nikapiga. Ilitoka sauti ya sufuria inayoanguka ngazini. Nikabadili vidole. Sufuria nyingine. Ubao wangu una ubaya mmoja ambao sikuujua: nyuzi za penseli hazilegei. Nyuzi za kweli hulegea, na kitabu kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, ambayo niliiruka nikidhani hainihusu.

Nikaanza kukaza vifungo vya nyuzi kimoja kimoja, nikikisia. Klara alicheka kwanza. Kisha akaendelea kupeta. Muda ukapita. Halafu nikapiga tena, na safari hii nyuzi zilikubaliana. Ilitoka sauti ndogo, ya duara, ikaingia tumboni mwa gitaa, ikazunguka, ikatoka kupitia yale matundu. Niliisikia mpaka kwenye mbavu.

Klara aliacha kupeta.

Hilo la mwisho, akasema, rudia.

Nikarudia. Hakusema neno jingine, na kwa Klara hilo ni tukio la kihistoria. Kwa mara ya kwanza mtu mwingine alinyamaza ili mimi nisikike.

Ni lazima nilipate gitaa hili. Zamani nililitaka. Leo si kutaka tena.


Jumapili, 15 Agosti. Sikukuu ya Mavuno

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Ibada ilikwenda vizuri, nimeambiwa. Baadaye tukatoka nje. Kabichi, ndizi, mapeasi, mayai, kuku waliofungwa miguu, beberu mmoja aliyeonekana kuelewa yanayoendelea. Katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, gitaa.

Mzee Paskali akaanza na yai. Yai likanunuliwa na mwalimu mkuu, akalirudisha. Likanunuliwa na mkunga, akalirudisha. Lilizunguka hivyo mpaka likaleta fedha za kununulia kuku mwenye mayai yake yote. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtu anayejiheshimu hanunui kitu mnadani akaondoka nacho kwapani kama yuko sokoni. Anakiinua juu, anasema, namrudishia Bwana, tarumbeta zinapigwa, kitu kinanadiwa upya. Nimeona hivyo tangu nibebwe mgongoni. Nilikitazama kile kiyai kikienda na kurudi, nikacheka pamoja na wenzangu. Sikufikiria lolote. Narudia ili niumie vizuri: sikufikiria lolote.

Likaja gitaa.

Anselm alianza. Bibi akapandisha. Mzee Silvano hakuweza kupandisha hivi hivi, kwa kuwa fedha ni za kijiji. Kila mara ilibidi kamati ijitenge chini ya mpeasi, ijadili, irudi na azimio. Wakirudi na azimio, Bibi ameshapandisha tena, wanarudi chini ya mpeasi. Bibi alikuwa anawatazama wakienda na kurudi kama mtu anayechunga mbuzi. Anselm akachoka. Kamati ikachoka. Mzee Paskali akasema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, limekwenda kwa Mama Elizabeti.

Nilikuwa nyuma ya watu. Nikaanza kupenya kwenda kumpokea.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia. Watu wakashangilia. Mchungaji akasema tazameni imani ya mama huyu. Na Bibi akawatazama watu, na watu wakamtazama Bibi, na nikaona mgongo wake unanyooka.

Hapo nikajua.

Namrudishia Bwana, akasema Bibi, akalinyanyua juu.

Tarumbeta zikalia. Anselm alipuliza kwa moyo wote. Karatasi yake ilikuwa chini, kwa sababu mshikaji alikuwa ameinamia magoti yake.

Mnada wa pili. Anselm akataja bei mara moja. Kamati ikakimbilia mpeasini. Lakini mjomba, baba yake Anselm, akatokea pembeni, akamfungua vidole mwanawe kimoja kimoja mbele ya watu wote, akachukua fedha. Akasema hizo kabichi zilikuwa za kununua mbolea, na kama Anselm anataka kelele, anayo tayari. Bei ya Anselm ikafutwa. Mzee Paskali akauliza nani mwingine. Chini ya mpeasi kamati ilikuwa bado inatafuta akidi.

Sauti moja ikasema, sungura.

Niligeuka kuona ni nani. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Mzee Paskali akauliza sungura gani, kijana.

Wangu, nikasema.

Wangapi?

Wote.

Mtu mmoja akauliza na vizimba je. Nikasema na vizimba. Watu wakapiga kelele za furaha. Mama akashika mdomo. Mzee Paskali, ambaye sijawahi kumwona akienda haraka, alisema mara ya kwanza ya pili ya tatu kama neno moja, na akanivika gitaa shingoni.

Lilikuwa langu. Naomba jambo hili lieleweke. Nilikuwa nalo shingoni, mkanda ukinikwaruza, uzito wake juu ya kitovu changu. Lililipiwa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kunivua.

Kisha mchungaji akasema, ndugu zangu, leo hata huyu amenena. Mama akaanza kulia. Baba alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu matokeo ya darasa la saba. Wapiga tarumbeta walikuwa wameshajaza mashavu. Usharika mzima ulikuwa unasubiri. Klara alikuwa mbele kabisa, karibu na kuku, akitikisa kichwa taratibu: usithubutu.

Nikafungua mdomo niseme asante.

Namrudishia Bwana, nikasema.

Mashavu yakaachiliwa. Kamati ikarudi na azimio lake, ikakuta hakuna mpinzani. Kijiji kimelipata kwa bei ya kabichi mbili, tena za wastani.


Jumatatu, 16 Agosti

Nilikwenda kwa Bibi kumuuliza kwa nini. Akaniuliza mimi kwa nini. Tukala mapeasi. Kisha akasema, lakini mume wangu, ulipendeza.

Vizimba vimechukuliwa asubuhi. Sungura mkubwa hakutazama nyuma.

Baba ameniambia anajivunia. Anaamini nilitoa sungura wangu kwa ajili ya paa la kanisa. Mchungaji naye anaamini hivyo, kiasi kwamba ameandika nipelekwe usharika wa Bungu nikawahutubie vijana wa huko juu ya utoaji. Mimi. Kuhutubia. Siwezi kuwaeleza ukweli, maana ukweli ni mbaya zaidi kuliko hotuba.

Klara hakusema nami tulipokuwa tukishuka shule. Karibu na darasa ndipo aliposimama. Akasema hata Petro alisubiri aulizwe kwanza. Wewe umelikana bila kuulizwa na mtu.

Niliingia darasani nyuma yake. Nilikuwa nimebeba vitabu vyake pia.


Alhamisi, 19 Agosti

Gitaa liko ofisi ya tawi, limetundikwa kwenye msumari. Imeundwa Kamati ya Gitaa. Mimi nimeteuliwa katibu, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na sibishi.

Azimio la kwanza la kamati: gitaa ni mali ya wote. Azimio la pili: kwa kuwa ni mali ya wote, hakuna mtu mmoja atakayeligusa, kwani kupiga peke yako ni ubinafsi. Azimio la tatu: lisubiri umeme. Nimeyaandika yote kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilipitisha kikaratasi nikipendekeza kwamba nyuzi zinahitaji mtu wa kuzikaza mara kwa mara, tuseme kila jioni. Mzee Silvano alikisoma kwa sauti. Akasema ni wazo zuri la mtu mwenye tamaa. Kisha akalifuta gitaa vumbi kwa shati lake, na kwa bahati mbaya kifungo cha mkono kikagusa uzi mmoja. Ukatoa sauti. Mwenyekiti aliangalia kama kuna aliyeona, halafu akasema hilo lisiandikwe.

Klara alikuja kwa kisingizio cha kumletea chai baba yake, ambaye naye ni mjumbe. Alimwamkia mwenyekiti vizuri, akauliza umeme unakuja lini. Akajibiwa kwamba uko katika mpango. Akaniangalia.

Katibu, akasema, andika hilo.


Jumamosi, 21 Agosti

Siku kuu. Mambo yamebadilika kabisa.

Nilikuwa narudi kutoka Lushoto mjini na mafuta ya taa. Lori la mbao likasimama. Ndugu Sefania akashuka, akatazama juu na chini barabarani, akaniambia mdogo wangu, nafsi yangu ina mzigo. Nikadhani ni maombi tena, nikaanza kuvua kofia.

Siyo. Alifunua turubai. Palikuwa na sanduku jeusi kubwa, lenye kitambaa cha nyavu mbele na vifundo vya kuzungusha. Amplifaya. Ndicho kinachokuza sauti ya gitaa la umeme, likasikika ukumbi mzima. Alisema siku ile alitubu gitaa, lakini hiki alikisahau, na sasa akikipeleka kanisani watu watauliza ni kitu gani kingine kimesahaulika. Angependa kiondoke kwake kimya kimya, kwa mtu wa kuaminika.

Nikamwambia sina hata sungura. Akasema anahitaji utingo wa kupakia mbao kila Jumamosi mpaka Krismasi. Tena nimwongezee kamusi yangu, maana aliniona nayo na ni nzuri.

Nililifikiria jambo hili kwa utulivu, kama mtu mzima, kwa muda wote unaohitajika kusema ndiyo.

Ni zito ajabu. Nimelibeba kichwani toka barabarani, na kila niliyekutana naye nilimwambia ni mzinga wa nyuki. Sasa liko chini ya kitanda. Nimezungusha vifundo vyote. Vinazunguka vizuri sana, bila kukwama.

Klara alikuja jioni, maana alikutana na mtu aliyemwambia nimeanza kufuga nyuki. Nikamwonyesha. Akachutama, akagonga sanduku kwa kidole, akauliza kama linatoa sauti lenyewe. Nikasema hapana. Akauliza kama bila gitaa lina kazi nyingine. Nikasema hapana. Akauliza kama linakula mafuta ya taa. Kisha akakaa chini sakafuni, akaegemea kitanda, akacheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini.

Acha acheke. Haoni mbali. Kamati ina gitaa, ndiyo, lakini kamati haina amplifaya. Siku moja itabidi waje kwangu, waketi, tuzungumze kama watu sawa, na nitawapa masharti yangu kwa maandishi.

Nusu ya kazi imekwisha. Kilichobaki ni gitaa na umeme.